Mgongo Uliofanyiwa Kikao

Magu,
10 Novemba 2024

Shangazi Paskazia mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko Kiseke, Mwanza, mko wazima, na binti yako Hellen na wanawe hawajambo. Sisi tunaendelea. Mvua zimeanza kwa kusuasua. Mbuzi wetu mweusi amezaa pacha. Maige anakusalimu. Mama mkwe wangu, mayu, yuko vilevile: tangu alipopooza upande mmoja mwezi wa tatu hajasimama, lakini anakula, anaongea, na bado anatuchekesha. Ule mkeka uliomtumia ameupenda.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya uwanjani. Ukipiga, Maige anaweka sauti ya juu na kila aliye uani anajibu. Kondakta Josephat amekubali kuibeba barua mpaka stendi ya Buzuruga, Hellen ataichukua pale anapouza matunda.

Shangazi, majibu ya MRI yametoka. Unakumbuka nilivyolazwa ndani ya lile bomba, linagonga kama mafundi bati, mimi nimefumba macho nasali Salamu Maria. Tumepewa picha na karatasi ya Kiingereza, tukaambiwa tumpelekee daktari aliyeagiza kipimo. Tulipofika kwake tukakuta amehamishwa. Tukarudi nyumbani na picha zetu.

Shemeji Kija, kaka yake Maige, si unajua alikuwa mwalimu, ndiye aliyeisoma mbele ya watu wote. Diski mbili za kiunoni zimechakaa. Moja imekauka maji. Nyingine imetokeza nje kuelekea kwenye mishipa ya fahamu. Alipofika hapo akavua miwani, akasema, "Jamani, mgongo wa shemeji umekwisha."

Picha zikabandikwa dirishani ili mwanga upite. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, kila mama alisogea akazitazama, akanishika bega. Wengine walikuwa hawajawahi kuona hata picha ya mkono uliovunjika, lakini wote waliona kwamba nimekwisha.

Jumapili ukoo ukakaa kikao. Wameamua nisishike jembe wala nisiiname. Majaruba yangu ya mpunga kule bondeni, msimu huu atalima Dorcas, mke wa Kija, mpaka nipone. Nikauliza, mgongo uliokwisha unaponaje? Maige alikuwa anachora chini kwa kijiti.

Shangazi, yale majaruba niliyachonga mwenyewe, tuta kwa tuta, wakati pale palikuwa na magugu matupu. Mpunga wake nauamua mimi. Nikiyaachia msimu mmoja, msimu wa pili nitayaomba, na wa tatu nitasimuliwa. Hata akina mama wa kikundi chetu cha kupandiana mpunga kwa zamu wameniambia, "Wewe pumzika tu, mwenzetu," kwa sauti ile ya msibani.

Naogopa. Naogopa kupiga chafya. Naogopa kuokota kijiko. Nimekuwekea nakala ya ile karatasi humu ndani. Niulizie kwa mtu anayejua kama na mimi nitapooza.

Mwanao,
Suzana

*

Kiseke,
16 Novemba 2024

Suzana mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Hellen anauza, watoto wanakula kuliko anavyouza, na jirani yangu amenunua jogoo asiyejua saa. Mpe mayu salamu zangu, mwambie bado namdai ule wimbo wa harusi yenu aliouanza akaukatiza kwa kicheko.

Salamu ziishie hapo, maana nina hasira. Kikao cha ukoo juu ya diski! Nimeishi miaka yote hii, nimeona vikao vya mahari, vya mirathi, vya ng'ombe walioingia shambani kwa mtu. Cha diski ndiyo kwanza nasikia. Na aliyekisomea ripoti ni Kija! Alifundisha watoto wa darasa la tatu mwandiko, lini amefundishwa mgongo?

Nilikwenda kwa daktari Agutu, yule wa mifupa aliyenitibu goti. Nikampa nakala. Kabla hajaisoma akauliza umri wako. Nikasema amefika hamsini. Halafu akaniuliza maswali mpaka nikaona aibu: mkojo au haja vinamtoka bila kujua? Ana ganzi katikati ya mapaja? Mguu unakosa nguvu, unaburuzika? Ana homa, anakonda bila sababu, aliwahi kuugua saratani? Nikajibu kadiri ninavyokujua: hapana. Akasema hayo ndiyo ya kuogopa, na siku utakayoona hata moja usiniandikie barua, panda gari siku hiyohiyo uende hospitali.

Ndipo akaisoma. Nikamwangalia uso kama wewe ulivyomwangalia Kija. Hakuvua miwani, mwanangu. Alisoma kama mtu anayesoma bei ya sukari, akaniambia, "Mama, ukichukua watu wa umri huu ambao mgongo hauwaumi hata kidogo, ukawaingiza kwenye mashine, wengi utawakuta na haya haya."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Diski ni kama mto laini uliokaa kati ya pingili na pingili. Miaka ikienda inapungua maji, inakuwa nyembamba, inatandaa. Ni mvi za ndani, basi. Tena akaniambia mimi, ambaye mgongo haujawahi kuniuma, ningelazwa ndani ya bomba lile ningetoka na karatasi ndefu kuliko yako. Ile iliyotokeza nayo, akasema, mara nyingi hupungua yenyewe polepole, na ikitokeza siyo lazima iguse kitu. Lile neno la uchakavu wanaliandika kila siku kwa kila mtu. Ripoti ile iliandikwa kwa daktari, ailinganishe na mgonjwa aliyemshika kwa mikono yake. Haikuandikwa kwa ajili ya dirisha lenu.

Nikauliza, basi anajisingizia? Akanikatalia kwa ukali. Maumivu yako ni ya kweli. Ila picha inaonyesha umbo, haionyeshi maumivu, wala haijui yametoka wapi. Na mtu mwenye mgongo wa hivi akilazwa kama yai, misuli inalegea na woga unakua, anaumia zaidi. Anatakiwa atembee, ajinyooshe, arudie kazi zake kidogo kidogo.

Mwishoni akanirudishia nakala. "Karatasi haina mgongo. Niletee mwenye mgongo nimpime."

Kwa hiyo njoo, wiki hii. Kabla Dorcas hajaingiza mguu bondeni.

Shangazi yako mwenye hasira,
Paskazia

*

Magu,
8 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi tu. Gari la akina Josephat lilikuwa gereji na barua imo ndani, imekaa na mafundi. Hatujambo. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, mwingine ananyonya vizuri.

Nimesoma yale ya mvi za ndani nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Nimetembea mpaka kisimani bila kushika ukuta. Nilikuwa nashika kuta, shangazi, sikukuambia.

Lakini Mwanza siwezi kuja sasa. Barabara ina tope. Halafu kuna mbuzi. Halafu Krismasi inakaribia na wageni wa Maige watafika, nyumba haiwezi kukaa bila mtu. Nitumie tu dawa ya kuchua, ile ya kopo la kijani, inanisaidia asubuhi. Asubuhi ndiyo mbaya, na jioni. Katikati ya mchana nikikaa mgongo unapoa

nisamehe, nimeikatiza hapo, mayu alitaka kugeuzwa.

Nilikuwa nasema Dorcas ameshamwaga mbegu. Kitalu amekiweka ndani ya jaruba langu la juu, lile linaloshika maji vizuri, wala hakuniuliza. Nilipita nikaona miche imeanza kutoa vichwa. Shemeji Kija alikuwa juu ya tuta amesimama kama mwenye mali, akaniita, "Shemeji, usitembee mbali, mgongo huo!" Nilitamani kumtupia tope, nisamehe Mungu.

Nimekwenda tena nimerudi, alitaka beseni. Na sasa mwanga unapungua na sijamwogesha. Niishie hapa.

Wako,
Suzana

*

Kiseke,
14 Desemba 2024

Suzana,

Marahaba. Wazima. Dawa nimempa Josephat, makopo mawili.

Sina habari nyingine za nyumbani, au ninazo na sitaki kuziandika, kwa sababu kuna jambo moja halinitoki kichwani. Nimesoma barua yako mara ya pili. Mayu kugeuzwa. Mayu beseni. Mayu kuogeshwa. Halafu mbuzi na tope ndivyo vinavyokuzuia kuja Mwanza!

Nani anambeba mama mkwe wako, Suzana?

Usinijibu bado, maana nilikwenda kuuliza mwenyewe. Wifi yako Sabina anakaa hapa Buzuruga, nilimkuta dukani kwake. Tukasalimiana vizuri, akaniletea kiti. Nikamwuliza hali ya mama yake. Akasema, "Mama anatunzwa vizuri sana, shangazi, hatuna wasiwasi. Suzana ana nguvu, anamwinua peke yake kama mtoto."

Ana nguvu! Mwezi uliopita ukoo huohuo ulikaa kikao ukasema huyu mwanamke mgongo umekwisha, asiguse jembe, asiiname, apokonywe shamba kwa huruma. Nikamwuliza Sabina, na ile picha? Akasema, "Ndiyo maana tumempumzisha kulima." Alisema hivyo na uso wake ukiwa mkavu kabisa. Nikaacha soda yake mezani nikaondoka.

Mashine kubwa yote ile, mwanangu, imepiga picha kila pingili yako, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuuliza unabeba nini. Hata mimi sikuuliza. Hata daktari Agutu aliniuliza kazi yako, nikamjibu mkulima wa mpunga.

Sasa niandikie. Unamwinua mara ngapi, kwa namna gani, na wenye mama wako wapi.

Paskazia

*

Magu,
29 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Noeli imepita salama. Watu ni wengi, tumepika pilau na kuku. Mayu alitolewa nje akapigwa picha na wanawe wote.

Shangazi, umeniaibisha. Sabina alipiga simu siku ileile. Maige akaweka sauti ya juu kama kawaida. Nyumba nzima ikasikia, "Shangazi yake Suzana amekuja kunisema dukani kwamba tunamtesa mtoto wao." Mayu alikuwa amelala mlangoni pale, anasikia. Aligeuza uso ukutani. Nilimlisha uji jioni ile akakataa, akasema, "Usijisumbue, mwanangu, nitakufa tu." Unajua mimi nilijisikiaje?

Mayu hajanikosea kitu. Nilipoletwa hapa sijui hata kusonga ugali wa watu wengi, yeye ndiye alikuwa anausonga, halafu anasema mbele ya wakwe nimeusonga mimi. Nilipojifungua nikaugua, alimbeba mtoto wangu mgongoni mpaka shambani. Leo nimwache alale kwenye uchafu?

Na wewe ndiye wa kuniuliza nabeba nini? Siku mliyonileta kwa Maige, ng'ombe wameshafika kwa baba, ulinikalisha kwenye kigoda ukaniambia mama mkwe hahesabiwi. Kwamba mke anayehesabu anachomfanyia mama mkwe wake anawatukana waliokula ng'ombe wake. Ulisema kidole chako kikiwa hapa usoni kwangu. Sasa sihesabu.

Ni mzito upande ule uliopooza, haujisaidii. Namkumbatia kifuani, nainama, nanyanyuka naye. Namtoa kitandani, namweka kwenye beseni, namrudisha. Anajitahidi kunisaidia kwa mkono mzima, ananishika shingo. Maige ni mwanawe wa kiume, ataonaje mwili wa mama yake? Kija vilevile. Dorcas anasema ana kazi ya shamba. Shamba langu.

Usiniulize tena.

Suzana

*

Kiseke,
5 Januari 2025

Suzana mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Hellen anaumwa jino, tumelipaka karafuu.

Umenikasirikia, vizuri. Afadhali hasira kuliko kushika kuta.

Nilikuambia hivyo siku ya harusi, na nitawaambia hivyo hivyo binti za Hellen. Mama mkwe hahesabiwi. Lakini nilikuambia umtunze. Sikukuambia umbebe peke yako huku wanawe aliowazaa wanapiga naye picha! Ng'ombe wa Maige walikuja kuoa mke. Hawakuja kununua winchi. Na usinisingizie kwamba namchukia mayu. Mama anayeinuliwa na mtu mmoja anayeumwa, siku moja ataangushwa naye. Mkianguka wote wawili, kikao kitakaa tena juu ya nani?

Eti wanaona aibu ya mwili wa mama yao. Basi Sabina ni wa kike. Dorcas ni wa kike. Na shuka zipo, mtu anafunikwa, anainuliwa na wawili bila kuonekana kitu. Aibu inayomwangukia mtu mmoja tu, siku zote, mimi nina jina lingine la kuiita.

Nimemrudia daktari Agutu, nikamweleza ukweli ambao wewe ulimficha kupitia mimi. Akasema, "Kumbe." Halafu akasema mzigo wa namna ile, kila siku, bila kupumzika, ungemwumiza hata kijana, na hapo hakuna haja ya kulaumu diski. Ameagiza uje akupime, kisha yule mtaalamu wao wa mazoezi akufundishe namna ya kumwinua mgonjwa.

Wageni wa sikukuu bado wako kwenu, Sabina pia. Njoo sasa hivi. Usiombe ruhusa, usigombane. Sema mgongo umezidi, unakwenda kwa daktari na picha zako. Wao si wanaiamini ile picha? Ibandue dirishani, shika mkononi, panda gari. Mayu ana watoto wake, watambeba.

Nakusubiri Buzuruga.

Shangazi Paskazia

*

Magu,
9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za tangu tuagane stendi? Jino la Hellen limeng'olewa? Huku mvua sasa ni za kweli, bonde limejaa. Mayu anakusalimu, na ameagiza niandike kwamba wimbo atakumalizia ukija mwenyewe.

Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza nione mwisho wake.

Niliporudi kutoka kwako nilikuta nyumba imenyamaza. Siku zile chache nilizolala Kiseke, Sabina na Dorcas walimwinua mayu wakagombana, na Sabina akaondoka na gari la alfajiri bila kuaga. Kija akalazimika kusaidia. Maige naye. Nilimkuta Maige amekaa kando ya kitanda cha mama yake, mikono imemlegea. Aliponiona hakusema karibu. Alisema, "Suzana, ulikuwa unafanyaje peke yako?" Nikamwambia, "Ungeuliza mwezi wa tatu." Nilitoka nje nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni, nataka ujue hilo.

Jioni nikaomba kikao. Mimi mwenyewe. Nikaweka picha mezani, nikawaeleza aliyoyasema daktari Agutu baada ya kunipima: miguu ina nguvu, ganzi sina, nitembee, nifanye mazoezi yale, nirudi shambani kwa kiasi. Kija akaanza, "Lakini shemeji, ripoti ilisema..." Nikamkata. Sijawahi kumkata shemeji kauli tangu niolewe. Nikasema, "Chagueni moja. Kama mgongo huu umekwisha, umekwisha kwa mayu pia, mtafute wa kumbeba. Kama unaweza kumbeba mayu, unaweza kupanda mpunga, nirudishieni majaruba yangu. Hauwezi kuwa mbovu shambani ukawa mzima chumbani."

Mayu alikuwa chumbani, mlango wazi. Tukamsikia anacheka. Anacheka kweli, mpaka anakohoa.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwenda vizuri. Lile jaruba la juu lina miche ya Dorcas, ameing'ang'ania, tumekubaliana avune yeye msimu huu. Limeniuma na bado linaniuma. Mengine nimeyarudisha. Mayu sasa anainuliwa na watu wawili kwa shuka, nimewafundisha kama nilivyofundishwa, na tumegawana: Maige na mimi asubuhi, Kija na Dorcas mchana, jioni Kija na mimi. Sabina ameambiwa atakuwa anakuja mwisho wa wiki. Kuja amekuja mara moja.

Wiki hii akina mama wa kikundi wamekuja kwangu kupandikiza. Niliinama nao. Nilipochoka nilisimama nikajinyoosha, hakuna aliyenishika bega. Mgongo unauma, shangazi. Siku nyingine unauma sana. Lakini nimejua unauma kwa sababu gani, na hauniogopeshi.

Sasa nikuambie la jana. Kija amekuja kwetu ameshika kiuno, anatembea upande. Dorcas nyuma yake amebeba mto. Wote uani wakasimama, pole mwalimu, pole sana, mpeni kiti. Akasema anataka kwenda Mwanza kupigwa MRI, na kwamba nikuandikie umwombee nafasi kwa daktari Agutu.

Nikamwuliza yale maswali, yote, mbele ya watu. Mkojo? Akaona haya, akasema hapana. Ganzi? Hana. Homa? Hana. Mguu una nguvu? Una nguvu. Nikamwuliza na lile ambalo mimi sikuulizwa na mtu: "Shemeji, umebeba nini?"

Akatazama mlango wa chumba cha mama yake.

Nikamwambia, "Basi wewe ni mzima. Jua linazama, njoo ushike upande ule."

Mwanao,
Suzana